Mikoba ya Ngozi ya Mitumba na Namna ya Kuitengeneza Nyumbani

Mtu akipita katika masoko ya Mtwapa, Kilifi, Gede au Malindi siku ya kufunguliwa mitumba, ataona mikoba ya kike imetundikwa safu kwa safu, au imemwagwa juu ya turubai, ya kila rangi na kila umbo. Mingine imechubuka pembe, mingine zipu zimekwama, mingine ina madoa meupe kama unga. Wanunuzi wengi huipita bila kuitazama mara mbili. Lakini miongoni mwake imo iliyoshonwa kwa ngozi nzima ya ng'ombe au ya mbuzi, ambayo kwa siku tatu nne za kazi ya mkono yaweza kumtumikia mwenyewe kwa miaka mingi. Imo vilevile mikoba inayong'aa sana ambayo haitamaliza masika moja. Anayejua kuitenga hii na ile amekwisha maliza nusu ya kazi. Na asiyejua, hata akiwa hodari wa sindano namna gani, atapoteza fedha zake na jasho lake.

Makala haya yamekusudiwa kueleza kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa faida ya mama wa nyumbani, karani, na kijana anayetafuta kazi ya kufanya barazani. Vifaa vyake si vingi, na vilivyo vingi katika hivyo vinapatikana papa hapa pwani. Jambo linalotakiwa zaidi ni subira na macho ya kuchunguza.

UFUNDI WA NGOZI SI MGENI PWANI

Asidhani mtu kwamba kazi ya ngozi imeletwa kwetu na mitumba. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulijulikana sana katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi, na viatu vya makubadhi vilivyonakshiwa vilivaliwa na watu wa heshima pwani nzima. Hata dawa ya kutengenezea ngozi ilikuwa mlangoni petu. Magome ya mikoko, hasa ya mkandaa, mti unaoota katika ghuba ya Mida na katika visiwa vya Lamu, yana ukali ule ule unaokausha ulimi mtu atafunapo ndizi mbichi. Ukali huo ndio unaoishika ngozi mbichi isioze. Magome ya mikoko ya pwani yetu yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo ya kudabighi ngozi.

Baadaye, katika karne ya 19, wataalamu wa Ulaya na Marekani waligundua njia ya kudabighi kwa chumvi za madini ya kromu. Njia hiyo ni ya haraka, na ngozi yake huwa laini na huvumilia maji zaidi. Leo sehemu kubwa ya ngozi zote duniani hutengenezwa hivyo. Ngozi ya magome ni ngumu kidogo, hunywa maji upesi, na rangi yake huiva kwa kutumiwa. Mikoba ya namna zote mbili hufika kwetu katika mitumba, kwa hiyo inampasa fundi kuzijua zote mbili.

KWANZA, JUA KAMA NI NGOZI

Hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Mikoba mingi sokoni si ya ngozi hata kidogo, bali ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki na kupigwa chapa ya vinyweleo ili kifanane na ngozi. Iko pia ile iliyotengenezwa kwa unga na vipande vya ngozi vilivyosagwa, vikashikanishwa kwa gundi na kufunikwa kwa utando huo huo. Utando unaotumika sana huitwa kwa kifupi PU, na adui yake mkubwa ni joto pamoja na unyevu. Maji yaliyomo hewani huuvunja kidogo kidogo, hata kama mkoba umewekwa kabatini bila kutumiwa. Mwisho wake hubambuka vipande vipande kama gome la mpera. Katika nchi kavu na za baridi mkoba kama huo waweza kudumu muda. Katika hewa ya Malindi hauna maisha marefu. Tena, ukianza kubambuka hauna dawa. Rangi, gundi wala mafuta hayawezi kurudisha kilichooza.

Basi, kabla ya kutoa fedha, uchunguze mkoba kwa njia hizi.

Tazama ukingo uliokatwa, penye kishikio au ndani ya mfuko mdogo. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzi nyuzi zilizosongamana tangu juu hata chini. Bandia huonyesha tabaka mbili: utando juu, na kitambaa au sponji chini.

Tazama upande wa nyuma wa ngozi, pale ambapo bitana imeachia. Ngozi ina nyuzi laini zinazoshika kidole. Ukiona mfumo wa kitambaa, jua umekwisha pata jibu.

Tazama vinyweleo. Vya ngozi havilingani. Hapa vimekaribiana, pale vimetawanyika. Vya mashine hujirudia kwa mpango ule ule kama maua ya leso. Walakini, ngozi ya kweli nayo yaweza kupigwa chapa, kwa hiyo usitegemee dalili hii peke yake.

Bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi hukunjamana kidogo kama ngozi ya mkono. Plastiki huzama tu na kurudi.

Nusa. Ngozi ina harufu yake. Lakini mkoba uliokaa miezi ndani ya mtumba waweza kunuka dawa na vumbi, basi na hii ni dalili ya kusaidia tu.

Soma kitambulisho cha ndani. Maneno "genuine leather" ya Kiingereza, "vera pelle" ya Kiitaliano, "cuir" ya Kifaransa na "Leder" ya Kijerumani yote maana yake ni ngozi. Ukiona "PU", "leatherette" au "Kunstleder", ni bandia. Hata hivyo kitambulisho ni maneno, na maneno yaweza kusema uwongo. Ukingo uliokatwa hausemi uwongo.

Wengine hujaribu kwa kiberiti. Tusiwaige. Ngozi iliyopakwa rangi nayo hutoa harufu ya plastiki ikiungua, na mkoba wenyewe utakuwa umeharibika bila faida.

MADOA MEUPE NI YA NAMNA TATU

Mkoba ukiwa na weupe juu yake, watu husema mara moja kwamba ni kuvu. Si lazima. Weupe waweza kuwa kuvu, waweza kuwa mafuta, waweza kuwa chumvi, na kila kimoja kina dawa yake.

Kuvu huota kama manyoya au duara duara, na ina harufu ya chumba kilichofungwa. Mafuta yaliyomo ndani ya ngozi nayo hupanda juu na kuganda kama unga. Ukiyapasha joto kwa kuyasugua kwa kidole hutoweka, kwa sababu yameyeyuka. Chumvi, iliyotokana na jasho au na maji ya bahari, hukaa kama mstari mweupe penye mwisho wa doa la maji, nayo huyeyuka kwa kitambaa chenye maji safi.

Kuvu isifagiliwe ndani ya nyumba, maana mbegu zake huruka na kuingia katika nguo na vitabu, tena hudhuru kifua. Toka nje, mahali penye upepo, ujifunge kitambaa puani na mdomoni, ukaipanguse kwa brashi laini. Kisha changanya siki nyeupe na maji kwa vipimo vilivyo sawa, uchovye kitambaa, ukikamue sana, ndipo ufute. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama chini ya mkoba, ili ujue kama rangi inatoka. Usiloweshe. Baadaye tundika mkoba kivulini penye upepo mpaka ukauke kabisa, ndani na nje, muda wa siku moja au mbili.

KUSAFISHA

Toa kila kitu ndani, pindua bitana nje, ukung'ute vumbi. Ngozi haipendi sabuni kali. Kwa asili yake ina uchachu kidogo, na sabuni ya mche, sabuni ya unga na magadi huvunja uchachu huo, zikaifanya ngumu. Tumia sabuni isiyo kali, kama ya kuogeshea mtoto. Piga povu katika bakuli, uchukue povu peke yake kwa sponji, upake kwa mzunguko, halafu ufute kwa kitambaa safi chenye unyevu. Fanya mkoba mzima, si doa peke yake, usije ukaacha alama.

Maji yawe ya kawaida. Ngozi ikiwa imelowa na kukutana na joto la nyuzi 60 na zaidi, nyuzi zake zaweza kujikunja kama nyama katika sufuria, wala hazirudi tena. Kwa sababu hiyo hiyo mkoba uliolowa usianikwe juani, wala usiwekwe karibu na jiko. Jua la adhuhuri hapa kwetu ni kali, nalo huitoa ngozi rangi na kuipasua. Ujaze matambara meupe ndani ili ushike umbo lake unapokauka. Karatasi za gazeti zafaa kwa viatu vyeusi, lakini wino wake waweza kuhamia katika mkoba wa rangi nyeupe au ya maziwa.

Ngozi yenye manyoya laini kama mahameli hutendewa namna nyingine. Usiipake povu wala mafuta. Isugue kwa brashi kavu, na penye doa tumia kifutio cha penseli.

MAFUTA: KIDOGO NA KWA KIASI

Mazoea yetu ni kupaka mafuta ya nazi kila kitu kilichokauka. Kwa mkoba wa ngozi mazoea haya yana hatari yake. Mafuta yaliyopikwa nyumbani hubaki na tui na maji kidogo ndani yake. Mabaki hayo huvunda, yakawa chakula cha kuvu. Tena mafuta hutia weusi ngozi ya rangi isiyokoza, na weusi huo hautoki.

Dawa iliyo njema zaidi yaweza kutengenezwa kwa nta ya nyuki na mafuta ya mbarika. Wakazi wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga nyuki, na nta ni mabaki ya asali. Chukua nta safi kijiko kimoja na mafuta ya mbarika vijiko vitatu. Tia katika kopo, na kopo hilo ulitie katika sufuria yenye maji ya moto. Usiliweke motoni moja kwa moja, maana nta na mafuta huweza kushika moto. Nta huyeyuka ikifika nyuzi 62 hadi 64. Ikiisha kuyeyuka, koroga, epua, uache ipoe na kuganda. Utapata malai laini itakayotosha mikoba mingi.

Paka kwa kitambaa, utando mwembamba, uache saa chache, kisha usugue kwa kitambaa kikavu mpaka kisinate. Ngozi iliyokauka ya magome itainywa. Iliyopakwa rangi nzito kiwandani haitainywa sana, na hiyo haina haja ya zaidi ya kung'arishwa. Wingi wa mafuta hauongezi uzuri. Hulegeza ngozi, hukamata vumbi, na huzuia gundi isishike. Kwa hiyo, penye kazi ya gundi au rangi, maliza kazi hiyo kwanza, ndipo upake mafuta.

KUSHONA

Mshono ukiachia, utengenezwe siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mkoba, mishono mitatu iliyokatika leo ni kishikio kitakachong'oka wiki ijayo, sokoni au ndani ya matatu.

Vifaa ni sindano mbili zenye ncha butu, msharasi, mkasi, na uzi wa nailoni au poliesta uliosokotwa. Uzi wa pamba haufai sana pwani, kwa kuwa huoza kwa unyevu. Mshipi wa kuvulia samaki, ule wa uzi mmoja unaong'aa, nao haufai, maana ni mgumu na mwembamba, hukata ngozi kama waya. Upitishe uzi juu ya bonge la nta mara mbili tatu ili uteleze vizuri na usinywe maji.

Urefu wa uzi uwe kama mara nne ya urefu wa mshono. Tunga sindano kila upande wa uzi. Pitisha sindano ya kwanza katika tundu, ulinganishe uzi sawasawa pande zote mbili. Kisha kila tundu lipitiwe na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia na moja kushoto. Huu ndio mshono wa matandiko ya farasi. Ubora wake ni kwamba uzi wa upande mmoja ukikatika, wa pili hubaki ukishika. Mshono wa cherehani hauna bahati hiyo. Ukikatika mahali pamoja, hufumuka taratibu wote.

Na hili lisisahauliwe: tumia matundu ya zamani. Ukitoboa mapya katikati ya yale ya kwanza, utakuwa umetengeneza mstari wa matundu kama ule wa karatasi ya stempu, na ngozi itachanika papo hapo. Ikiwa matundu ya zamani yamepanuka, weka kiraka cha ngozi nyembamba upande wa ndani kabla ya kushona. Viraka vyema hupatikana katika viatu vichakavu, mikanda ya zamani, na mikoba iliyoharibika isiyotengenezeka. Fundi mwenye akili hatupi mkoba uliokufa, bali huuvunja akachukua ngozi, pete na bizimu.

Mpasuko mdogo huzibwa kwa kiraka cha ndani na gundi ya mafundi viatu. Gundi hiyo hupakwa pande zote mbili, huachwa muda kama dakika kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo pande mbili zikutanishwe na kugandamizwa. Ipakwe nje ya nyumba, mbali na moto, na mbali na watoto, maana moshi wake ni mbaya na hushika moto upesi.

ZIPU, PETE NA BIZIMU

Hewa ya bahari hula madini. Zipu iliyokwama isivutwe kwa nguvu. Isafishe kwa mswaki mkavu, kisha uipake nta, au risasi ya penseli, au sabuni kavu, ukaisogeze mbele na nyuma polepole. Ikiwa meno hayashikani tena baada ya kichwa kupita, mara nyingi ni kichwa kilichopanuka, wala si meno yaliyokufa. Kibane kwa koleo kidogo sana, upande huu na huu. Kikivunjika, badili kichwa peke yake kabla hujafikiri kubadili zipu nzima.

Bizimu na pete zipimwe kwa sumaku. Zikishikwa, ndani yake mna chuma, nazo zitapata kutu mara nyingine hata ukizisafisha. Afadhali uzibadili kwa za shaba ukiweza. Shaba haipati kutu nyekundu, ila hutoa uchafu wa kijani unaotia madoa ngozi. Uusugue kwa kitambaa chenye maji ya ndimu, baada ya kuifunika ngozi kwa karatasi, kisha uifute shaba kwa maji na kuikausha vizuri. Maji ya ndimu yakibaki, yataila shaba yenyewe.

BITANA

Bitana ya mikoba mingine, hata iliyokuwa ya bei kubwa, hunata kama ubani uliopata jua. Ni utando ule ule wa plastiki unaovunjika kwa unyevu. Hauoshwi ukapona, hutolewa wote. Fumua kwa uangalifu, na vipande vya zamani uvitumie kama kigezo cha kukatia vipya. Kitambaa cha pamba ni kizuri, kama vile kaki, au leso iliyochakaa pindo lakini nzima katikati. Kifuliwe kwanza na kupigwa pasi, kisije kikarudi baada ya kushonwa. Leso ina uzuri wa pekee, kwa kuwa mwenye mkoba akiufungua hukutana na jina la leso yake mwenyewe.

RANGI

Penye michubuko, sugua kwa msasa laini sana, ufute vumbi, ndipo upake rangi. Rangi ya viatu ya krimu yatosha kwa mchubuko mdogo. Kwa mkoba mzima tumia rangi maalumu ya ngozi, tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Mwisho, ukishapaka nta, sugua mkoba kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa kidogo. Kitambaa kikitoka na rangi, kazi haijaisha. Mkoba unaotoa rangi utaharibu kanzu ya mtu au shati la shule la mtoto, na jina la fundi litaharibika pamoja nalo.

HESABU YA BIASHARA

Wako wanaopenda kuifanya kazi hii kwa kuuza. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtu amenunua mikoba mitano, kila mmoja shilingi 300. Hiyo ni shilingi 1,500. Nta, mafuta, uzi, gundi, rangi na kichwa cha zipu ni shilingi 700. Nauli ni shilingi 200. Jumla ametoa shilingi 2,400. Akiuza kila mkoba shilingi 900, na yote mitano ikiwa ngozi, atapata shilingi 4,500, na faida yake ni shilingi 2,100. Mikoba miwili ikiwa bandia na kubambuka mikononi mwake, atauza mitatu kwa shilingi 2,700, na faida itakuwa shilingi 300 tu kwa kazi ya juma zima. Mitatu ikiwa bandia, atauza miwili kwa shilingi 1,800, na hapo amepata hasara ya shilingi 600.

Angalia kwamba katika hesabu zote tatu mikono ya fundi ni ile ile, uzi ni ule ule, na nta ni ile ile. Kilichobadilika ni macho yake siku ya kununua. Kwa hiyo afadhali anunue miwili aliyoichunguza kuliko mitano aliyoichota. Walio karibu na Mombasa huweza kufika soko la Kongowea, penye mitumba mingi ya kuchagua. Wauzaji huita mali ya kwanza iliyochaguliwa mtumba unapofunguliwa "kamera", na mabaki ya mwisho huitwa "fagia". Mwenye macho huweza kuokota ngozi nzima hata katika fagia, kwa sababu wengi huchagua mng'ao.

Tena asitegemee kwamba mitumba itakuwapo daima kwa bei moja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuipunguza mpaka iishe, ingawa Kenya baadaye haikuendelea na mpango huo. Na mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, Kenya ilisimamisha kuingizwa kwa mitumba kwa miezi kadhaa, ikaruhusu tena mwezi wa Agosti. Katika miezi kama hiyo, anayejua kutengeneza mkoba wa jirani yake hakosi kazi. Anayejua kununua na kuuza tu hukaa bure.

UAMINIFU NDIO MTAJI

Iko hila moja ambayo lazima tuitaje. Mtu huweza kuchukua mkoba bandia ulioanza kubambuka, akaupaka rangi nzito na nta, ukang'aa siku ya kuuza. Mnunuzi hufurahi wiki mbili. Mvua zikianza, utando wote hung'oka pamoja na rangi, na mwanamke aliyejinyima ili apate mkoba wa kwendea kazini hubaki na kitambaa kitupu. Muuzaji wa namna hii amechukua shilingi 900 mara moja, lakini katika mji kama Kilifi au Malindi, ambapo watu wanajuana, habari itafika kabla hajapata mkoba wa pili.

Vilevile asishone wala kubandika alama ya kampuni yenye sifa juu ya mkoba usio wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 inayokataza bidhaa bandia inahesabu jambo hili kuwa kosa. Mwenye mkoba wa kweli wa ngozi hahitaji jina la kuazima. Amwonyeshe mnunuzi ukingo uliokatwa, amwambie wazi ni mahali gani pametiwa kiraka, na amweleze namna ya kuutunza. Mteja aliyeambiwa kweli hurudi, tena huleta na dada yake.

KUUTUNZA

Kuvu hupenda hewa yenye unyevu unaopita kama asilimia 65 hivi, na hewa ya pwani yetu hupita kiasi hicho siku nyingi za mwaka, hasa miezi ya masika. Kwa hiyo mkoba usifungiwe ndani ya plastiki, utafukuta. Uwekwe katika mfuko wa kitambaa cha pamba, juu ya rafu isiyogusa ukuta, na mlango wa kabati ufunguliwe mara kwa mara. Wakati wa mvua utolewe kila wiki, upanguswe na kupigwa na upepo kivulini saa moja. Ukitoka ufukoni au umenyeshewa, ufute kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Makombo ya chakula yasiachwe ndani, maana mende na panya hufuata harufu wakaishia kula gundi na ngozi yenyewe. Upakwe nta mara mbili kwa mwaka: kabla ya masika, na baada ya mvua kwisha.

Kazi hizi zote hazimchukui mtu zaidi ya nusu saa kwa wiki. Aanzaye na aanze na mkoba mmoja, ulio wake mwenyewe, usio na thamani kubwa. Autazame ukingo, ausafishe, aushone mshono mmoja, autundike kivulini, aungoje ukauke. Ukipita masika nzima bila kuvu wala kufumuka, hapo ndipo apokee mkoba wa mtu mwingine.